Sura ya 6: Masikio ya Kinyago

Mbona masikio hayasimami? Hilo ndilo swali ambalo walimu, wazazi na watoto wanaotengeneza vinyago kwa ajili ya maigizo huliuliza mara kwa mara. Uso umekatwa vizuri, matundu ya macho yamekaa mahali pake, rangi imekolea. Lakini sungura akishavaliwa na kurukaruka mara mbili tatu, masikio yanalala mbele ya macho kama majani ya mgomba yaliyokosa maji. Swali la pili hulifuata la kwanza: mbona fisi huyu anafanana na paka?

Maswali yote mawili yana jibu moja. Sikio la mnyama si bamba. Ni kikombe kirefu au kifupi kilichoachwa wazi upande mmoja, na chini hujikunja hadi kuwa bomba. Sikio la boksi lililokatwa bapa na kubandikwa bapa halina bomba hilo, kwa hiyo halisimami na halifanani na sikio. Likipindwa shinani, yote mawili hupatikana kwa mpigo mmoja.

Katika sura hii neno kinyago lina maana ya kifuniko cha uso chenye sura ya mnyama. Baadhi ya watu hukiita barakoa, lakini tangu mwaka 2020 neno hilo limewakaa wengi akilini kama kitambaa cha kuzuia maambukizi, hivyo kinyago ndilo linalotumika hapa.

Sikio lilivyo

Mwalimu mzuri wa kazi hii ni paka wa nyumbani akiwa amelala. Akitazamwa kwa karibu huonekana kwamba kingo mbili za sikio lake hazianzi mahali pamoja. Ukingo wa ndani, ulio upande wa utosi, huanzia juu. Ule wa nje hushuka chini zaidi, ubavuni mwa kichwa, na karibu na shina una kikunjo kidogo cha ngozi kinachofanana na mfuko. Anayechora pembetatu mbili zenye miguu iliyolingana hupata sikio la katuni. Anayeshusha ukingo wa nje kwa sentimita moja tu hupata sikio la paka.

Mbuzi naye anafaa, na hapatikani kwa shida. Masikio yake hutoka ubavuni, hulala, kisha hugeuka kufuata sauti. Kugeuka huko ndiko kazi ya kikombe: kukusanya sauti na kuielekeza kwenye tundu. Kwa hiyo shimo la sikio la kinyago nalo lazima lielekee mahali fulani. Masikio yaliyobandikwa bila mwelekeo humfanya mnyama aonekane hasikii.

Kila mnyama ana alama yake, na mara nyingi alama moja inatosha kumtambulisha jukwaani:

- Fisi madoa: masikio ya duara. Fisi wa aina nyingine wana masikio yaliyochongoka. Yeye peke yake ndiye mwenye masikio ya mviringo.
- Simba: mafupi, ya duara, yenye weusi upande wa nyuma.
- Chui: ya duara pia, lakini nyuma, katikati ya weusi, pana doa jeupe.
- Simbamangu: yaliyochongoka, yenye vishungi virefu vyeusi nchani.
- Mbwa mwitu wa Afrika: makubwa na ya duara kama visahani.
- Kiboko: madogo mno, juu kabisa ya kichwa.

Fisi aliyefanana na paka, basi, pia alipewa masikio yaliyochongoka.

Kwa nini kitu kilichopindwa hukaza

Karatasi ya daftari ikishikwa ukingo mmoja na kunyooshwa mbele, huanguka. Karatasi ileile ikipindwa kidogo katikati ili ifanye bonde, hubaki imenyooka na inaweza hata kubeba penseli. Hakuna kilichoongezwa isipokuwa mpindo. Ndiyo siri ya bati la kuezekea: bamba jembamba ambalo lingeyumba kama kitambaa hubeba uzito wa fundi kwa sababu lina migongo na mabonde.

Sikio linahitaji bonde moja tu, linaloanzia shinani na kupanda kuelekea nchani. Bonde hilo likiwa na kina cha kutosha chini, sehemu ya juu inaweza kubaki karibu bapa bila kuanguka. Ndiyo maana kazi yote ya sikio hufanyika shinani. Wengi hutumia saa nzima kupamba ncha na dakika mbili kubandika shina, kisha hushangaa.

Kwa ufupi: sikio husimama kwa sababu ya mpindo. Gundi hushikilia tu kile ambacho mpindo umeshakifanya.

Vifaa

Boksi la bidhaa za dukani linatosha kwa masikio mafupi. Lile lenye tabaka moja la mawimbi ndani, kama la biskuti au sabuni, hupindika vizuri zaidi kuliko boksi nene la friji. Kwa masikio marefu huongezwa waya laini wa kufungia nondo, ambao huuzwa kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa masikio mapana hutumika sponji ya godoro yenye unene wa sentimita 1. Vingine ni mkasi, wembe kwa mtu mzima, gundi nyeupe ya mbao, vibanio vya nguo, sindano na uzi, vipande vya khanga kuukuu, lastiki na rangi ya maji.

Pasipo gundi ya dukani, uji mzito wa unga wa ngano hushika karatasi na boksi vizuri. Chumvi kidogo ikiongezwa huuchelewesha kuota ukungu, jambo linalofaa kukumbukwa katika miji ya pwani wakati wa masika, ambapo kazi ya uji hukawia kukauka kuliko Dodoma au sehemu nyingine kavu za bara.

Kielelezo cha karatasi

Kielelezo ni umbo la karatasi linalochorwa na kukatwa kwanza, kisha hutumika kupimia boksi. Mafundi cherehani hufanya hivyohivyo kabla ya kugusa kitambaa. Hukatwa kimoja tu. Kwa sikio la kwanza huchorwa kikiwa kimeangalia juu. Kwa la pili hupinduliwa. Sikio la kulia na la kushoto ni kama viatu, haliwezi moja kuchukua nafasi ya lingine. Mtu akikata mawili yaliyofanana kabisa, ukingo mrefu wa nje wa sikio moja hujikuta uko upande wa utosi, na uso mzima huonekana umekwenda kombo bila mtazamaji kujua kasoro iko wapi.

Kielelezo hujaribiwa kabla ya boksi kukatwa: hubandikwa kwenye kinyago kwa utepe wa gundi, kinyago huvaliwa, na mtu mwingine husimama umbali wa hatua 10. Kinachoonekana kikubwa mno mezani mara nyingi huwa saizi yake ukumbini. Katika maigizo ni afadhali masikio yazidi kidogo kuliko yapungue, kwa kuwa mtoto aliye mstari wa nyuma humjua mnyama kwa kivuli cha kichwa chake kabla hajaona rangi.

Sikio la fisi, hatua kwa hatua

Fisi anafaa kwa jaribio la kwanza. Sikio lake ni fupi na halina ncha ya kuhangaisha. Vipimo vinavyofuata ni vya kinyago cha mtoto wa miaka 8 hadi 12.

Kwenye kielelezo huchorwa umbo la kijiko kipana: urefu wa sentimita 9, upana wa sentimita 10 sehemu iliyo pana zaidi, na sentimita 8 shinani. Chini ya shina huongezwa ukanda wa sentimita 3. Ukanda huo utakatwa vipande viitwavyo ndimi, ambavyo ndivyo vitakavyoingia ndani ya kinyago na kulishika sikio.

Kielelezo hulazwa juu ya boksi ili mawimbi ya ndani yapande kutoka shinani kwenda juu. Hatua hii hairukwi. Mawimbi yakipita kwa upande, sikio huvunjika katikati mara ya kwanza linapoguswa. Yakipanda, kila wimbi ni nguzo ndogo. Baada ya kukatwa, boksi huviringishwa polepole juu ya chupa ya soda, mara nne au tano, mpaka lianze kupinda lenyewe bila kupasuka. Boksi linalokataa hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu na kuachwa dakika chache.

Kisha hukatwa mpasuo katikati, kutoka ukingo wa chini kabisa kwenda juu, wenye urefu wa sentimita 6: tatu katika ukanda wa ndimi na tatu ndani ya sikio lenyewe. Upande mmoja wa mpasuo husogezwa juu ya mwenzake kwa sentimita 2 pale chini, na mpandano huo hupungua kadiri unavyopanda hadi kwisha kwenye ncha ya mpasuo. Hapo hapo boksi bapa hugeuka kikombe. Watoto hulipenda tendo hili kuliko yote, na wanastahili kuachiwa walifanye wenyewe. Gundi hupakwa kwenye mpandano, kibanio cha nguo hubana, na sikio huachwa hadi gundi ikauke kabisa. Anayebandua kibanio mapema hulazimika kuanza upya.

Mwisho, ukanda wa chini hukatwa ndimi zenye upana wa sentimita 1 na nusu kila mmoja. Sikio likisimamishwa mezani sasa, shina lake huacha alama ya mwezi mchanga. Alama hiyo ndiyo itakayochorwa kwenye kinyago.

Kupachika

Mahali pa sikio huamua mnyama kama vile umbo linavyoamua. Njia nyepesi ya kukumbuka ni uso wa saa ya ukutani uliowekwa juu ya kinyago, namba 12 ikiwa utosini na namba 6 kidevuni. Sungura huwekewa masikio kwenye namba 11 na namba 1. Fisi na simba hukaa namba 10 na namba 2. Tembo na nyani hukaa namba 9 na namba 3. Kosa la kawaida ni kumwekea kila mnyama masikio ya sungura, yaani juu kabisa, kwa sababu ndipo penye nafasi.

Sikio husimamishwa mahali pake na shina lake huzungushiwa penseli. Mstari unaopatikana, ule wa mwezi mchanga, hukatwa kwa wembe na mtu mzima. Mpasuo ulionyooka haufai, maana utalifungua tena bonde lililotengenezwa kwa shida. Ndimi husukumwa ndani ya mpasuo. Upande wa pili mmoja hukunjwa mbele, unaofuata nyuma, hivyo hivyo hadi mwisho, na zote hupakwa gundi. Juu yake hubandikwa kiraka cha khanga chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kiraka hicho hugawanya mvuto ili usikae kwenye mstari mmoja, na pia huzuia ndimi zisimkwaruze mvaaji kwenye paji la uso.

Kinyago cha sahani ya karatasi hakina nafasi juu ya macho ya kukata mpasuo. Hapo ndimi huachwa ndefu, sentimita 5, na hubandikwa nyuma ya sahani. Sikio likishakauka husukumwa mbele kidogo kwa kidole, kwa sababu likibandikwa nyuma huelekea kulala nyuma.

Sungura: tatizo la urefu

Bua la mahindi likipigwa na upepo huvunjikia chini, si juu. Kadiri kitu kinavyokuwa kirefu ndivyo shina linavyobeba mvuto mkubwa zaidi kila ncha inapoyumba. Sikio la fisi la sentimita 9 halipati shida hiyo. Sikio la sungura la sentimita 24 huipata kila mtoto anaporuka, na sungura asiyeruka si sungura.

Suluhisho ni waya. Hukatwa kipande cha sentimita 65 na kukunjwa katikati kwa umbo la jani refu: urefu wa sentimita 24, upana wa sentimita 7, na miguu miwili ya waya inayobaki chini. Kitambaa hukatwa majani mawili makubwa kidogo kuliko waya, hushonwa pamoja kwa ndani, hugeuzwa kama foronya, na waya huingizwa. Kwa upande wa ndani wa sikio huchaguliwa kitambaa chembamba cha rangi ya waridi iliyofifia au hudhurungi, kwa kuwa ngozi ya sikio la sungura ni nyembamba kiasi kwamba mishipa ya damu huonekana mwanga ukipita. Waya ukishaingia, jani hupindwa kwa vidole ili lifanye bonde.

Miguu ya waya hupitishwa kwenye matundu mawili ya kinyago, hulazwa kwa ndani kuelekea pande tofauti, na kila ncha hukunjwa kitanzi. Ncha ya waya isiyokunjwa ni hatari iliyo sentimita chache tu kutoka kwenye macho ya mtoto. Vitanzi hushonewa kwenye kiraka kinene cha kitambaa, na kiraka hubandikwa kwenye kinyago. Gundi peke yake juu ya waya huachia.

Faida ya waya ni kwamba sikio hukubali kukunjwa. Sikio moja lililosimama na jingine lililovunjika kidogo nchani hutoa sungura mwenye hila mara moja, kabla hajasema neno.

Tembo: tatizo la upana

Sikio la tembo wa Afrika hufananishwa na ramani ya bara lake, na mfano huo unasaidia sana wakati wa kuchora. Tembo huyapunga masikio yake kupunguza joto, kwa kuwa damu inayopita kwenye ngozi nyembamba ya masikio hayo hupoa. Kwa mtengenezaji maana yake ni hii: masikio haya hayatakiwi kusimama kabisa. Yanatakiwa kupepea.

Sponji hukatwa kwa urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 22. Ukingo wa mbele hushonewa ukanda wa kitambaa, nusu ya ukanda kwenye sponji na nusu kwenye kinyago, kama bawaba ya mlango. Mvaaji akitikisa kichwa, masikio hufuata kwa kuchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kunakompa mnyama uzito. Boksi halifai hapa. Ni zito kwa ukubwa huo, na hupiga kelele.

Rangi na manyoya

Kikombe huonekana kirefu zaidi kikipakwa giza chini na mwanga kingoni. Rangi nzito huanzia shinani, kisha brashi iliyochovywa maji huivuta kuelekea nje hadi ipotee. Nyeusi tupu huonekana kama shimo lililotobolewa. Hudhurungi iliyochanganywa na nyeusi kidogo ni bora.

Upande wa nyuma husahaulika, ingawa mwigizaji hugeuka. Weusi wa nyuma ya sikio la simba na doa jeupe la chui ni kazi ya dakika tano. Nyuzi za katani, zikichambuliwa kwa chanuo na kubandikwa ndani ya ukingo zikielekea katikati, hufanya nywele za sikio. Zikipakwa rangi nyeusi na kufungwa fundo moja, ni vishungi vya simbamangu.

Mkao na tabia

Uso wa kinyago hausogei. Midomo imeganda, macho ni matundu. Masikio ndiyo mahali pekee ambapo hali ya moyo inaweza kuwekwa, na anayewatazama paka, mbwa na punda anajua lugha yao: mbele ni usikivu, nyuma yakiwa yamelala ni hofu au hasira, pembeni ni uchovu au kuridhika. Fisi wa ngano zetu, mlafi anayedanganywa kila mara, hupendeza masikio yakitazama pembeni kidogo. Ya simba mwenye hasira hulazwa nyuma. Mkao huamuliwa wakati wa kuchora mpasuo, kwa kuzungusha ule mwezi mchanga kabla ya kukata.

Uzito kichwani

Masikio yakisimama imara, kinyago chenyewe huweza kuanza kuinama. Lastiki moja inayopita nyuma ya kichwa hukizuia kisianguke, lakini haikizuii kisiinamie mbele. Kwa masikio ya sungura na tembo huongezwa ukanda wa pili, kutoka katikati ya paji la kinyago, juu ya utosi, hadi kwenye lastiki ya nyuma. Lastiki hupita juu ya masikio ya mtoto bila kuyakunja, ili aendelee kuwasikia wenzake.

Kuna njia nyingine ya kukwepa tatizo hili: kumpandisha mnyama juu ya kichwa. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji huchonga lipiko, kinyago cha ngoma ya mapiko, kutoka kipande kimoja cha mti mwepesi, nacho huvaliwa kichwani kama kofia, hivyo uzito hukaa juu ya fuvu. Katika mchezo wa The Lion King ulioanza kuonyeshwa mwaka 1997 huko Marekani, msanii Julie Taymor aliviweka baadhi ya vinyago vya simba juu ya vichwa vya waigizaji, nyuso zao zikabaki wazi. Kwa darasa la watoto wadogo njia hiyo ina faida kubwa: ukanda wa boksi unaozunguka kichwa, masikio mawili juu yake, na rangi kidogo usoni. Mtoto anaona, anapumua na anasikika.

Majaribio na matengenezo

Kabla ya siku ya onyesho kinyago huvaliwa na kufanyiwa mambo matatu: kutikisa kichwa kama mtu anayekataa, kuruka mara 10, na kuinama kuokota kitu chini. Sikio likilegea, kinachotazamwa kwanza ni kiraka cha ndani. Kikiwa kimeshika lakini sikio linayumba, kasoro iko kwenye mpandano; hufunguliwa, husogezwa nusu sentimita zaidi, na kubandikwa tena. Sikio la boksi lililovunjika katikati haliungwi kwa gundi. Hushonewa nyuma kijiti cha ufagio wa chelewa kinachopita juu ya mvunjiko, na hubaki imara hadi mwisho wa mchezo.

Baada ya onyesho kinyago hutundikwa msumarini kwa lastiki yake, masikio yakiwa juu. Kikilazwa kifudifudi chini ya vitu vingine, bonde hufunguka taratibu, na shina lililopindwa kwa chupa na kibanio hurudi kuwa boksi.